Mpira Haukungoji

Raketi yako iko wapi sasa hivi?

Ninajua iko wapi. Imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, kamba mbili zimekatika, mpini umeshika vumbi jekundu la Nakivale. Kila asubuhi unapita mbele yake na dumu la maji mkononi, unaitupia jicho, unaiahidi. Subiri nipate viatu. Subiri nipate mtu wa kunifundisha. Subiri kesi yangu isonge. Subiri nifike Marekani, huko ndiko nitakakocheza.

Subiri, subiri, subiri!

Utasubiri mpaka lini?

Sikulaumu kwa kuanza kusubiri. Makazi yetu haya ya wakimbizi hapa Uganda yanafundisha kusubiri kuliko yanavyofundisha jambo lingine lolote. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia, na tangu hapo watu hawajaacha kuingia: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Zaidi ya nusu karne ya foleni. Foleni ya maji, foleni ya mgao, foleni ya kadi, foleni ya mahojiano. Tarehe 20 Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, jirani yangu alikuwa ameshagawa sufuria zake zote. Alikaa kizingitini siku tatu. Nilikaa naye, na sikuwa na neno la kumwambia.

Leo ninalo neno, na ninakuambia wewe.

Uwanja wa tenisi si foleni. Hakuna namba mkononi. Hakuna afisa wa kukuita jina. Mpira umeshapigwa, uko hewani, unakuja upande wako. Unautaka au huutaki?

Mpira haukungoji.

Mtazame mchezaji mvivu. Amesimama nyuma, nyayo zimegandana na ardhi, anautazama mpira mpaka umfikie. Ukimfikia, umeshachelewa. Sasa mtazame anayeujua mchezo. Kabla mpinzani hajagusa mpira, yeye ameshadunda kidogo, visigino juu, magoti laini, mwili uko tayari kwenda kushoto au kulia. Hajui mpira utakwenda wapi, ila ameshaanza. Makocha hulifundisha hilo siku za mwanzo kabisa: anza kusogea kabla hujajua. Wewe unataka ujue kwanza ndipo usogee. Ujue kama utahamishwa, ujue kama utakubaliwa, ujue kama utashinda. Nani amewahi kujua?

Hesabu nami. Juni ina siku 30. Julai 31. Agosti 31. Siku 92. Hicho ndicho kiangazi chetu huku Isingiro. Septemba mvua zikianza kurudi, uwanja wa udongo unageuka tope na kila mwenye kipande cha shamba anashika jembe. Siku 92 za ardhi kavu, asubuhi za baridi nzuri, na mashindano madogo madogo mjini Mbarara ambayo kujiandikisha kwake kunahitaji jina lako na ada kidogo, basi. Siku hizo zimekupita mara ngapi? Mara tatu? Mara saba?

Kiangazi cha 2025 kilinikuta nikiwa na miaka 34. Sina kocha. Nina raketi moja ya mtumba, na rafiki watatu wenye vichwa vigumu kama changu. Uwanja hatukuwa nao. Tukamwendea mwenyekiti wa kijiji, akatupa kipande cha ardhi mpaka msimu wa kupanda. Uwanja wa watu wawili una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23, tulipima kwa kamba. Pembe tulizinyoosha kwa kipimo ambacho kila mwashi anakijua, tatu kwa nne kwa tano. Mistari tukaichora kwa majivu ya jikoni. Upepo wa mchana ukaifuta.

Tukaichora tena.

Ukaifuta.

Tukaichora tena! Wavu tuliupata kwa mvuvi, kipande kilichochoka kushika ngege wa Ziwa Nakivale; tukaukaza kati ya nguzo mbili za mti, sentimita 91.4 katikati kama sheria inavyotaka. Watoto walikuja kutazama, na kufikia wiki ya pili walikuwa wanatuokotea mipira, na kufikia ya nne walikuwa wanatuomba raketi. Sasa niambie wewe unayesema Nakivale hakuna uwanja. Uliwahi kuomba majivu kwa mama yeyote akakunyima?

Wiki ya tatu ya Juni nilijiandikisha katika mashindano ya klabu moja Mbarara. Je, nilikuwa tayari? Hapana. Niliondoka gizani kwa boda, nikapanda teksi Isingiro, nikawapita ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wakivuka barabara taratibu kama wenye nchi, nikafika mjini saa tatu asubuhi nikiwa na rolex, chapati iliyokunjiwa mayai mawili, tumboni na moyo unaogonga hadi masikioni. Nilifungwa 6–0, 6–1. Dakika 50 tu, na nimemaliza.

Kila nilichopiga kilitoka nje. Baadaye nilielewa kwa nini. Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwenye miinuko hewa nyepesi huuacha mpira ukimbie. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeweka hata aina maalumu ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Ongeza na hili: klabu ilitoa mipira mipya, yenye manyoya na nguvu, na mkono wangu ulizoea mipira yetu yenye vipara iliyochoka kudunda. Ningeyajuaje hayo nikiwa nimekaa nyumbani? Nani angeniambia? Ilibidi nipigwe ndipo nijue.

Na ile gemu moja niliyoshinda, nilirudi nayo Nakivale kama mtu aliyerudi na mbuzi. Gemu moja kati ya 13. Nilijua nimeipataje: nilifupisha mkono, nikazungusha mpira, nikaulenga mita moja ndani ya mstari. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye majivu yetu nikirudia kitu hicho hicho mara mia mbili.

Wewe ulishindwa mara moja ukaacha. Mara moja tu!

Julai nilirudi Mbarara. Nikafungwa 6–4, 7–5. Unaiona tofauti? Wiki nne. Mwisho wa Julai nikarudi tena, nikapoteza seti ya kwanza, nikashinda ya pili, nikashinda na ile seti fupi ya kuamua, 10–8, na nilipompa mpinzani mkono miguu yangu ilikuwa inatetemeka. Mtu wa miaka 34, baba wa watoto wawili, nimesimama katikati ya Mbarara natetemeka kwa sababu nimeshinda kitu kwa jasho langu.

Lini mara ya mwisho ulitetemeka hivyo?

Kuna jambo moja la mashindano haya madogo ambalo nataka ulijue, maana hakuna aliyeniambia kabla sijafika. Hakuna mwamuzi kwenye kiti kirefu. Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema: ndani, au nje. Ukisema nje, ni nje. Mpinzani anageuka, anakwenda kuanza pointi nyingine. Sasa fikiri kidogo. Wewe na mimi tumehojiwa mara ngapi? Umezaliwa wapi, kweli? Mlivuka siku gani, una uhakika? Mbona mara ya kwanza ulisema vingine? Maneno yetu yamepimwa na kuandikwa upya na watu wasiotujua. Halafu unaingia uwanjani, unasema neno moja, na mtu usiyemfahamu analipokea papo hapo. Neno lako linatosha. Siku ile ya kwanza, nikiwa ninafungwa vibaya, mpira wa mpinzani uligusa ukingo wa mstari, hakuna aliyeuona ila mimi. Nilisema ndani, kwa sauti. Pointi ikawa yake. Sijawahi kujiona mtu mzima kama dakika ile.

Unataka kukaa mbali na hilo kwa sababu ya viatu?

Na Jumapili zetu! Ngoja nikuambie kuhusu Jumapili. Siku hiyo tuliiacha raketi ipumzike, na kwa kuwa miguu ilishazoea safari ikakataa kukaa. Tulitembea kando ya ziwa mpaka jua likawa kali, tukala samaki kwa ugali na sombe kwa mama mmoja wa Kivu. Jumapili nyingine tulichanga nauli tukashuka Sanga, kwenye barabara kuu ya Masaka, kwa sababu mchezaji mmoja wa Mbarara alituambia kwamba pundamilia wa Ziwa Mburo hutoka nje ya hifadhi wakala majani pamoja na ng'ombe. Tulisimama kando ya njia. Kweli walikuwepo, saba, wamechanganyika na ng'ombe, mchungaji amekaa chini ya mti hana habari.

Miaka tisa nimeishi nchi hii. Miaka tisa, na pundamilia hao walikuwa pale siku zote. Kwa nini sikuwahi kwenda kuwaona?

Kwa sababu nilikuwa ninasubiri kuondoka.

Mtu anayesubiri kuondoka hatazami. Hajui jina la mti ulio mbele ya nyumba yake. Hajifunzi salamu ya Kinyankole ya kumpa mama anayemuuzia ndizi. Miaka yake inapita na haihesabiwi, kana kwamba maisha ya kweli yamehifadhiwa mahali pengine na hapa ni chumba cha kungojea. Nilipoanza kusafiri kwa ajili ya tenisi ndipo nilipoanza kuishi mahali nilipo. Najua sasa ni teksi gani inayojaa haraka. Najua kona ya Mbarara yenye chapati moto saa moja asubuhi. Kuna watu mjini wanaoniita jina langu, na hawakulisoma kwenye kadi.

Na wewe, nani anayekuita kwa jina lako?

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililoniondolea usingizi.

Usiku wa kuamkia Agosti 8, 2025, nilikuwa nimelala chali, simu mkononi, chaji imebaki kidogo, nikifuatilia alama za fainali iliyokuwa ikichezwa Montreal, Kanada. Msichana Mkanada wa miaka 18 anaitwa Victoria Mboko. Wazazi wake ni Wakongo, waliiacha Kongo katika misukosuko. Wakongo! Aliingia mashindano yale akiwa nambari 85 duniani. Akamtoa nyota Coco Gauff. Kwenye nusu fainali Elena Rybakina alibakiza pointi moja tu kumfunga, Mboko akaponyoka. Fainali akakutana na Naomi Osaka, bingwa mara nne wa Grand Slam, yale mashindano makubwa kabisa ya tenisi, akapoteza seti ya kwanza 2–6.

Ungefanya nini hapo, wewe?

Yeye alishinda ya pili 6–4. Ya tatu 6–1. Bingwa.

Lakini rudi nyuma miaka mitatu. Julai 2022, Wimbledon, fainali ya wasichana, wawili kwa wawili. Upande mmoja yuko Mboko, miaka 15, na Mkanada mwenzake Kayla Cross. Upande wa pili yuko Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Okutoyi mama yake alifariki akiwazaa yeye na pacha wake; aliwalea bibi yao, mfanyakazi wa usafi katika shule moja ya Nairobi, na shuleni hapo ndipo alipoanza kushika raketi. Okutoyi na Nijkamp wakapoteza seti ya kwanza 3–6. Wakashinda ya pili 6–4. Ikabaki ile fupi ya kuamua, na ikaisha 11–9. Mjukuu wa mfagiaji akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam upande wa vijana.

Pointi mbili. Mboko aliondoka Wimbledon amekosa taji kwa pointi mbili, mtoto wa miaka 15. Angeweza kukaa na pointi mbili zile maisha yake yote. Angeweza kuzisimulia kila siku kama wewe unavyosimulia ile nafasi uliyoikosa 2019. Hakukaa nazo. Alirudi mazoezini.

Na Mrundi usiseme umesahaulika: Sada Nahimana, aliyezaliwa 2001, aliitoa Burundi ndogo mpaka kwenye Grand Slam za vijana. Ukiwa Mrundi na unasoma hapa, jina hilo liweke mdomoni mwa binti yako leo usiku.

Ninasikia unachosema. Hao walianza wadogo. Hao walipata makocha, walipata ndege, walipata viwanja vya nyasi. Mimi nina miaka 27, nina genge la nyanya, mgao wa chakula umekatwa tena, nitacheza tenisi na tumbo gani?

Nakujibu bila kukubembeleza. Njaa ni kweli, na siwezi kukuambia ufanye mazoezi ya saa tatu kwa uji wa asubuhi. Fanya dakika 40, kabla jua halijachoma, kabla ya kufungua genge. Sikuambii utafika Wimbledon. Mimi mwenyewe sitafika, na hilo halinipunguzii hata asubuhi moja. Nakuambia kwamba ndani yako kuna mchezaji ambaye hujawahi kukutana naye. Ana mkono mwepesi, ana ubishi, anajua kurudi kutoka nyuma. Amelala. Amelala kwa sababu umemwimbia wimbo wa kubembeleza wa kesho, kesho, kesho, na sasa usingizi wake ni mzito.

Mwamshe!

Huna kocha? Ukuta wa ghala hauchoki wala haulipishi. Kila unachoupigia unakurudishia, na ukipiga vibaya unakuonyesha papo hapo. Huna viatu? Udongo wetu unachezeka kwa raba za mtumba za soko la Base Camp. Huna mwenzako? Hilo nitalijibu mwishoni.

Unasema umechelewa? Basi hujaujua mchezo huu. Kandanda ina dakika 90. Anayeongoza anaweza kujiangusha, akakokota miguu, akangoja kipenga. Tenisi haina kipenga cha mwisho. Haina sare. Anayeongoza 6–0, 5–0 hajashinda bado. Lazima aipate pointi ya mwisho, na ili aipate lazima apite kwako. Maadamu umesimama upande wako wa wavu, mechi inaendelea. Upo mchezo gani mwingine wenye huruma kubwa namna hii kwa mtu aliyechelewa?

Sheria inakupa sekunde 25 kati ya pointi na pointi. Hizo ndizo za kusikitika. Umekosa servi mbili mfululizo? Sikitika, tazama kamba za raketi, pumua, futa jasho. Sekunde ya 26 ni ya kazi. Mimi nimezichukua sekunde hizo nikazipeleka nyumbani. Barua imekuja na jibu baya: ninasikitika, tena sana, kisha nainuka. Najua barua nyingine zinaumiza kuliko servi, na zinahitaji zaidi ya sekunde. Lakini hazihitaji miaka tisa.

Wewe umechukua ngapi?

Mwaka huu siku 92 zinakuja tena. Viwanja vya Mbarara vitafunguliwa, na hakuna atakayekuuliza kwa nini hukuja. Lugogo kule Kampala mipira itadunda bila wewe. Majani yatakauka pale Sanga na pundamilia watashuka kunywa maji. Kila kitu kitakuwa mahali pake, kimekamilika, isipokuwa mtu mmoja aliyebaki nyuma ya mlango na raketi kwenye msumari.

Itoe. Leo. Kamba zilizokatika zifunge fundo, tulicheza na mafundo mwezi mzima. Mpini uzungushie kitambaa cha kitenge.

Jumamosi hii, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunachora mistari upya. Majivu yapo, wavu upo, mipira ipo sita, na raketi moja ya ziada kama yako imeshindikana kabisa. Mmoja kati yetu wanne amehamia Kampala tangu Januari. Upande mmoja wa wavu hauna mtu.

Njoo usimame hapo.